Kunywa Polepole, Gari Litangoja

Mji wa Kale, Mombasa
19 Agosti 2024

Kwa Mwalimu Kadzo Kaingu, Kaloleni

Dada yangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi sijambo na duka halijambo. Leso zinazouzika zauzika, zisizouzika nazikalia mwenyewe. Barua hii nimempa Cynthia wako ampe Kingi wa madafu, ambaye huja Marikiti na mzigo akarudi Kaloleni mikono mitupu. Nimeandika kwa kalamu, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa chuo cha ualimu, kwa sababu simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Inaita, inaita, kisha yule mwanamke wa simu ananiambia hupatikani.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Chai ya Stesheni inarudi.

Alefiya, binti wa jirani yangu Taizoon, yule aliyekuwa akija dukani kuomba vipande vya vitambaa, siku hizi ni mtu mzima na ana kundi lake la vijana. Wameuomba ukumbi wa Sinema Mehtab kwa wenyewe. Wametoa magunia ya mchele yaliyokuwa yamelala humo miaka yote, wamepiga chokaa, wamefunga skrini mpya na kukodi vipaza sauti. Wiki nzima wataonyesha filamu za zamani zilizosafishwa zikang'aa. Na Jumatano tarehe 25 Septemba, alasiri, ni shoo ya wanawake watupu, kama siku zetu. Nikamuuliza filamu gani, akanionyesha picha: Mama Chai amesimama na birika lake, gari la moshi nyuma yake. Nililia pale pale mbele ya wateja.

Filamu ina maandishi ya Kiingereza chini. Swafia wa mabuyu, unamkumbuka, macho yake hayaoni tena herufi, na wenzake wengi Kiingereza hawakijui. Nikamwambia Alefiya hatuna haja ya maandishi, tuna Kadzo. Mtoto akaniuliza Kadzo ni nani. Kadzo, nilimkalisha kwenye jora la kitambaa nikamweleza mpaka chai ikapoa. Nikamwambia babako Mzee Kaingu alikuwa akishona kwenye baraza ya duka letu, nawe ukakua chini ya cherehani yake, ukaokota Kikachi kinywani mwa mamangu na Kihindi kwenye redio ya babangu, hadi ukawa unakinena kuliko mimi mwenye nasaba. Nikamwambia kila Jumatano wanawake waligombea kukaa mstari mmoja na wewe, msichana wa Kigiriama uliyekaa katikati ukitafsiri kwa sauti, na aliyekaa mbali akipiga kelele, "Kadzo, yuwasema nini?" Mimi nilikuwa sifai kitu. Nilikuwa nalia kabla maneno hayajafika.

Kwa hiyo nimewaambia watu unakuja. Viti vimekwisha kwa jina lako.

Ugomvi sasa. Siku ya harusi ya Fariha wangu, pale Tononoka, nilikuona unatoka nikakuita. Nikakuita tena, kwa sauti iliyowageuza hata wapishi. Ukaenda zako na mkoba wako, usigeuze hata shingo. Nikasema moyoni, labda ana lake. Tangu hapo na simu hushiki. Kama nimekukosea nambie. Kama sijakukosea, njoo.

Nduguyo asiye na haya,
Firoza Noormohamed

*

Kaloleni
23 Agosti 2024

Ndugu yangu Firoza,

Barua yako imefika ikinukia iliki, sijui uliiandikia jikoni. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, nami nililipwa maisha yangu yote kwa kueleza.

Chai ya Stesheni. Nimekaa mlangoni nikaiangalia yote tena moyoni. Mama Chai na birika, mtoto anapanda gari la moshi kumrudishia abiria kikombe, Bwana Filimbi anapuliza filimbi yake kwa inda, gari linaondoka na mtoto. Kisha miaka ishirini mama anauza chai stesheni ile ile, akichungulia kila dirisha. Mtoto huko aliko amekuwa mwimbaji wa kusifika. Wewe na mimi tuliitazama hata walinzi wa mlangoni wakatujua kwa majina. Watu walikuwa wakituuliza, mnaendea nini na mwisho mnaujua? Hawakuelewa kwamba utamu wenyewe ulikuwa huo. Kujua kwamba gari litarudi, kwamba mkono wa binti utatoka dirishani kuomba chai, na kukaa pale ukiungoja mkono. Mara ya kwanza unaogopa. Mara ya kumi unafurahi kabla, na furaha inakuwa ndefu zaidi.

Lakini sitakuja, Firoza. Goti langu la kushoto halitaki ngazi, na kuna mbuzi anayekaribia kuzaa. Isitoshe mimi ni mwalimu mstaafu. Sauti yangu nimeimaliza ubaoni. Mtafute msichana wa leo anayejua Kihindi, nao ni wengi. Waambie wasamehe.

Harusini sikukupa mgongo. Nilikuwa na haraka ya gari. Na simu ni kitu kisicho na adabu, humkatiza mtu popote alipo. Niandikie tu, napenda mwandiko wako.

Wako wa siku zote,
Kadzo

*

Kaloleni
23 Agosti 2024

Mwanangu Cynthia,

Barua ya Khala wako Firoza umpelekee. Hii ni yako peke yako.

Atakuuliza kuhusu mimi. Mwambie goti. Usimwambie masikio. Wewe na daktari tu ndio mnaojua kwamba tangu mwaka juzi sisikii kitu, na nataka iwe hivyo. Kile kifaa walichonijaribisha hospitalini kiliniletea kelele za dagaa wakikaangwa, nikakirudisha. Daktari mwenyewe alisema hakuna kilichobaki cha kukuza.

Usinione mkaidi. Nikiwa msichana, mji ule ulikuwa ukisikia kwa masikio yangu. Wake wa matajiri na wake wa wachukuzi walikaa wakinitazama kinywani. Hakuna kitu nilichowahi kuwa nacho kilichonipa fahari kama kile, hata cheti cha ualimu. Nitaingiaje ukumbini humo leo, mimi nisiyesikia honi ya lori mgongoni mwangu? Wataniambia pole. Na mimi, mwanangu, sitaki kuambiwa pole na Swafia.

Firoza alinisikitisha sana aliposema aliniita. Sikujua kama aliniita. Nilitoka harusini mapema kwa sababu kila mtu alikuwa akichezesha midomo na mimi nikicheka pasipochekesha.

Niombee radhi kwake kwa njia nyingine.
Mamako

*

Mji wa Kale
28 Agosti 2024

Kadzo,

Goti lako nilikuletea mafuta ya karafuu harusini, ukayapokea, ukapanda ngazi za ukumbi ukinitangulia mimi. Mbuzi wako mpe salamu zangu.

Nataka ujue Alefiya amenionyesha kipande cha filamu kwenye kompyuta yake. Pale binti anapotoa mkono dirishani, Mama Chai akauona ule mkono wenye alama ya kuungua ya utotoni, akamtambua mwanawe. Nikawa nangoja maneno. Chini yakaandikwa, kwa Kiingereza, kwamba chai ni ya moto, tahadhari. Basi. Hayo tu. Nikamwambia Alefiya hao wamekosea. Akairudisha, tukasikiliza Kihindi chenyewe, na kweli ndivyo asemavyo: chai ni moto, binti, tahadhari.

Kumbe yale ya kwetu ulitupa wewe. "Kunywa polepole mwanangu, gari litangoja." Miaka arubaini mji huu umekuwa ukisema maneno hayo. Mtoto akienda kusoma ng'ambo, huambiwa hivyo. Bibi harusi akitoka kwao, huambiwa hivyo. Mamangu alipokuwa akikata roho aliniambia mimi hivyo, nilipokuwa nikimnywesha maji kwa kijiko. Na mwenye maneno alikuwa binti wa Mzee Kaingu, aliyekuwa chini ya paa letu, nami sikujua. Nilijivuna mpaka Alefiya akanicheka.

Halafu nikasoma tena barua yako. Ulikuwa na haraka ya gari? Wewe? Wewe uliyeufundisha mji mzima kwamba gari litangoja?

Sitakubembeleza tena. Nitawaambia watu Kadzo hataki. Sitasema goti, maana sipendi kusema uongo kwa niaba ya mtu. Ukumbuke tu kwamba sisi tulikuwa na viti vya juu kwenye sinema ile, na kila Jumatano nilishuka kuja kukaa nawe chini.

Firoza

*

Mbaraki, Mombasa
31 Agosti 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikiwa kazini Liwatoni, kwenye mizani, kabla samaki hawajaanza kushushwa, kwa hiyo unisamehe karatasi ikinuka.

Sijasema kitu. Lakini jana Khala Firoza alinikalisha dukani, akafunga mlango mmoja, akaniuliza yeye amekukosea nini wewe. Alikuwa akikunja leso moja na kuikunjua. Mama, yule si mwenye kulia kwenye filamu tu. Anadhani umemchoka. Nimekuapia kunyamaza, na kiapo kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wewe unaogopa kuambiwa pole na Swafia, na mwenzako anaona amepoteza ndugu. Hivyo viwili haviko sawa.

Sasa la pili, na usinikasirikie. Unasema utatafsirije filamu usiyoisikia. Mimi ile filamu sijaiona hata siku moja. Nilipozaliwa Mehtab ilikuwa imefungwa. Lakini naijua yote, tangu birika mpaka nyimbo, kwa sababu ulinisimulia ukikuna nazi. Ulikuwa huna skrini, huna mashine, na mbuzi ya nazi ikikwaruza. Nilimwona Mama Chai. Nilimchukia Bwana Filimbi hadi nikaogopa kupita stesheni ya Mazeras. Siku niliyoondoka nyumbani kuja kuanza kazi huku, ulinipa uji, ukaniambia ninywe polepole.

Kama uliweza kunionyesha bila picha, watakushinda bila sauti?

Nenda ukaketi mbele yao. Usiende kusikia. Wao ndio watakaosikia.

Mwanao,
Cynthia

*

Kaloleni
5 Septemba 2024

Firoza,

Mbuzi amezaa, wawili, na goti langu ni zima. Nilikudanganya, na mtoto niliyemzaa amenisuta kwa adabu.

Sisikii, Firoza. Si sikio moja, si kidogo. Nimekuwa kiziwi. Ilianza darasani, watoto wakijibu, mimi nikadhani wamenyamaza, nikawa nawaadhibu kwa ububu wasiokuwa nao. Ndiyo sababu nilistaafu kabla ya wakati. Siku ya harusi uliniita na sikukusikia. Ungeniita mpaka koo likauke nisingekusikia. Simu nikiishika ni kipande cha plastiki. Sikukwambia kwa kiburi tu, hakuna sababu nyingine nzuri zaidi. Wewe ndiye mtu aliyenijua nikiwa masikio ya watu, nikataka angalau mmoja abaki akinijua hivyo.

Nitakuja tarehe 25. Sharti zangu ni hizi, na usibishane nami kama ulivyobishana na babako kuhusu buibui.

Nikae chini, mstari wetu, katikati, mahali ninapoona midomo. Wewe ukae kuliani kwangu na mkono wako uwe juu ya mkono wangu tangu mwanzo hadi mwisho. Siku hizi sijui sauti yangu inafika wapi. Nikipaza mno, nibane. Nikififia, nikwaruze kwa ukucha. Nikiitangulia filamu, nishikilie, ikinitangulia, nisukume. Mengine niachie mimi, nimekuwa nikiwasimulia kuku tangu Jumapili na hawajalalamika.

Na asijue mtu mwingine. Si Alefiya, si Fariha, si Swafia. Wakijua, wataitazama filamu nusu na kunitazama mimi nusu.

Kuhusu yale maneno ya chai, nilikuwa na miaka kumi na sita na nililiona lile gari limesimama, nikaona wamemnyima mama maneno yake. Nikampa. Sikufikiri kwamba mtu angeyachukua nyumbani.

Kadzo

*

Mji wa Kale
9 Septemba 2024

Kadzo wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimefunga duka.

Nilikuwa na hasira na mtu asiyenisikia. Miezi yote hii nilikuwa nikijibishana na mgongo wako usiku na mchana, nao haukuwa na habari. Nimejicheka, halafu nimelia, unanijua utaratibu wangu.

Sitakwambia pole, maana nakujua, hulitaki hilo neno. Nakwambia hivi: sharti zote nimezikubali. Nimekata kucha zote nikaacha moja. Fariha ameniuliza kwa nini, nikamwambia ni mtindo.

Njoo, ndugu yangu. Nitakushika.

Firoza

*

Kaloleni
28 Septemba 2024

Firoza,

Nimefika salama kwa gari la Kingi, nimekaa juu ya magunia matupu kama malkia. Mwili umechoka na moyo haujatulia. Ulinikumbatia pale mlangoni ukashindwa hata kunitazama, Cynthia naye kila nikimuuliza ananibusu mkono. Kwa hiyo naandika nilivyoona mimi, nawe uniambie ulivyosikia.

Niliogopa, sasa naweza kusema. Taa zilipozimwa nikavua viatu. Sakafu ya Mehtab ni ile ile ya mbao, na vile vipaza sauti vya Alefiya viliitikisa, kwa hiyo wimbo wa kwanza ulinijia kwa nyayo. Nikaujua. Nikasema neno la kwanza, na mkono wako ukatulia juu ya wangu, nikajua limefika. Baada ya hapo sikuwa nikifikiri tena. Mama Chai akifungua kinywa, mimi nina maneno. Bwana Filimbi alipotokea nikaona mabega ya mstari wa mbele yanatikisika, nikajua wanamzomea kama zamani. Swafia akageuka akaniuliza kitu kwa midomo ile ile aliyokuwa nayo akiwa msichana, nikasoma: yuwasema nini? Nikamjibu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Firoza. Goti, mvi, uziwi, vyote nilikuwa nimevivua pamoja na viatu.

Lakini kuna mambo yaliyonitatiza. Gari liliporudi stesheni, mwisho ule, miguu yangu ilinyamaza. Nikadhani nimekufa ganzi. Kisha nikadhani labda mmepunguza sauti kidogo ili watu wanisikie vizuri, nikaona ni heshima. Nikaendelea. Mkono wako ulianza kutetemeka na hukunibana wala hukunikwaruza, kwa hiyo sikujua nipaze au nishushe. Wimbo wa mwisho, ule wa binti, niliuimba wote kwa Kiswahili, jambo ambalo hata utotoni sikuthubutu, kwa sababu nilimwona anaimba na kimya kilikuwa kirefu miguuni. Alefiya nilimwona amesimama kwa pembeni mikono kichwani. Na taa zilipowaka, wale wasichana wa nyuma, wasiojua hata jina langu, walikuwa wakilia na kunitazama mimi, si skrini.

Je, nilikosea mahali? Niambie kweli. Nilikuwa na fahari njia nzima hadi Mazeras, na sitaki kuwa na fahari ya kijinga.

Kadzo

*

Mji wa Kale
2 Oktoba 2024

Mwalimu wangu,

Cynthia nilimwapisha anyamaze, na anajua kiapo, umemfundisha wewe. Nilitaka nikwambie mwenyewe. Siku ile nisingeweza: kukwambia kungekuwa ni kukuandikia kwenye karatasi mbele ya ukumbi mzima, na siri yako ingetoka. Kwa hiyo nilikukumbatia nikatazama ukuta.

Hukukosea mahali. Vipaza sauti vilikufa.

Gari la moshi lilikuwa linaingia stesheni. Lilitoa moshi, halikutoa honi. Kitu kiliungua huko nyuma ya skrini, tukasikia harufu ya waya, na sauti yote ya filamu ikakatika. Picha ikabaki. Ukumbi ukafanya "aaa" mara moja, kama umeme unavyokatika watu wakiwa mezani. Alefiya akainuka mbio kwenda kuisimamisha mashine. Nami nikafungua kinywa nikwambie, kisha nikakumbuka hutasikia, kisha nikagundua kwamba wewe bado unasema.

Ulikuwa unasema, Kadzo. Hukuwa umesimama hata kwa pumzi moja. Gari linaingia, ukasema, limechelewa, lina vumbi la nchi saba. Nikamshika Alefiya kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa wako, nikamvuta akakaribia kuanguka. Nikamwambia, "Wacha. Usiiguse." Akaniambia hakuna sauti, Khala. Nikamwambia, "Sauti ile pale."

Hakuna aliyetoka. Swafia, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, alinyamaza. Wale wasichana wa nyuma waliokuwa na simu zao waliziweka chini, wakaja kwa kunyata wakakaa kwenye njia katikati ya viti, karibu nawe. Zamani ulikuwa ukisikika mstari mmoja, na walio mbali wakipiga kelele kuuliza. Safari hii hapakuwa na aliye mbali. Mwisho mzima, machozi, Bwana Filimbi akipiga magoti, wimbo, vyote vilitoka kinywani mwako. Sikukubana wala kukukwaruza kwa sababu hapakuwa na cha kurekebisha. Nilikuwa natetemeka tu.

Na sasa nisikilize, kwa macho. Binti alipotoa mkono dirishani, Mama Chai akauona, ukavuta pumzi. Sote tukajua kinachokuja. Ukasema, "Kunywa polepole mwanangu, gari litangoja." Hukusema peke yako. Ukumbi wote ulisema nawe. Vikongwe, mabinti, Fariha na tumbo lake la kwanza, hata yule kijana wa mashine juu, mwanamume pekee aliyekuwa humo. Maneno yalitoka kwa pamoja, nikayasikia yakigonga dari. Nawe ukaendelea, macho kwenye skrini, hukujua. Hapo ndipo mkono wangu uliponishinda.

Mjini hawana habari nyingine. Wanasema, yule mwalimu ana moyo gani, sauti imekatika na hakupepesa hata jicho. Mimi natingisha kichwa tu, nasema, ndivyo alivyo.

Naona fahari ya kukujua. Nimeisema, imetoka.

Firoza wako

*

Kaloleni
6 Oktoba 2024

Firoza,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, nikiwa nimesimama uani, kisha nikairudia. Sikujisikia, lakini kuku wote walikuja.

Nilikaa na hilo jambo siku mbili. Kwanza niliona haya, mtu mzima kuimba peke yake kwenye ukumbi uliokufa. Kisha haya ikaniacha, ikaja fahari, na imekataa kuondoka. Leo kanisani nilikaa mbele. Huwa nakaa nyuma, karibu na mlango, nisije nikaonekana sijasimama wakati wa kusimama.

Siri yangu sitaki tena uiweke. Wanisifu kwa moyo wa chuma usio wangu, na kilicho changu ni kikubwa zaidi. Waambie Kadzo hasikii. Waambie mmoja mmoja, dukani, ukiwapimia vitambaa. Anza na Swafia, uokoe muda. Akisema pole, mwambie aitafsiri filamu ya pili yeye na masikio yake mawili.

Waambie pia wakiniona mjini wasiniite nikiwa nimewapa mgongo. Waje mbele yangu, au wanishike mkono kama ulivyonishika. Fariha mwambie ndivyo ilivyokuwa siku ya harusi yake, asije akadhani niliondoka bila kumuaga mamake kwa kupenda.

Na Alefiya akitaka kuirudia Chai ya Stesheni, nitakuja, mstari wetu, katikati. Vile vipaza sauti asikodi.

Dadako,
Kadzo Kaingu